Mzani Usiojua Kiu

Sisi ni madobi. Mimi nafua, mume wangu anapiga pasi. Ukitaka ugomvi katika nyumba yetu, sema tubadilishane kazi.

Chumba cha mbele ni duka. Kina meza ndefu ya pasi, vyuma vya kutundikia nguo, na kiti kimoja cha wateja wasio na haraka. Nyuma kuna ua mdogo wa saruji. Huko ndiko kwangu: mabeseni, bomba la maji na kamba za kuanikia. Tangu asubuhi miguu yangu huwa imelowa. Mume wangu husimama pakavu, mbele ya pasi ya moto, jasho likimtoka.

Wateja wanamwita Mstari. Wanasema mstari wa suruali aliyoinyoosha yeye unaweza kukata mkate. Ni mtu wa utani sana, mume wangu. Ndiyo maana siku aliponyamaza nilijua kuna jambo.

Siku hiyo alikuwa anapangusa vumbi kwenye nguo za zamani. Kwenye ndoano ya mwisho kulikuwa na koti la kijivu. Lilikuwa la kaka yake mkubwa. Kaka alilileta mwenyewe, akasema, "Nyoosha vizuri, nitalipitia Jumamosi." Jumamosi hiyo tulimzika. Alianguka kazini, moyo ukasimama. Alikuwa na kitambi kikubwa na kicheko kikubwa zaidi, na hakuwahi kwenda kupimwa chochote. Koti likabaki kwetu. Mjane wake hakuja kulichukua, na sisi hatukuwa na moyo wa kumpelekea.

Sijui mume wangu alifikiria nini. Alilivaa. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vyote vikafunga, kama vile alishonewa yeye. Akalivua, akalirudisha kwenye ndoano. Hakusema neno mpaka jioni.

"Una nini leo?" nikamuuliza.

"Koti la kaka linanienea."

"Si vizuri? Livae basi, lisikae bure."

"Mama watoto, huelewi. Zamani koti lile tungeingia wawili."

Hapo nikaelewa.

Kesho yake alirudi nyumbani na mzani. Ulikuwa wa kioo, mwembamba, na vibati vinne vya kung'aa vya kukanyagia.

"Huu si mzani wa kawaida," akasema. "Unapima uzito, halafu unakwambia mafuta uliyonayo mwilini. Kwa asilimia."

"Asilimia ndiyo nini?"

"Ukiugawa mwili wako mafungu mia, mzani unasema mafungu mangapi ni mafuta."

Sasa, dobi hawezi kuweka kitu kipya chini bila kukitandikia. Mume wangu akachukua blanketi kuukuu la pasi, akalikunja mara nne, akaliweka sakafuni, akaweka mzani juu yake. Ulipendeza, nisiseme uongo.

Kabla ya kupima, mzani ulitaka kujua mambo. Mwanamume au mwanamke? Urefu gani? Umri gani? Mume wangu alijibu yote kwa ukweli. Mimi nilipunguza miaka kumi. Kitu chenyewe kigeni, tumekutana leo, nikiambie umri wangu wa nini?

Nikapanda kwanza, miguu ikiwa imelowa kutoka uani. Mzani ukafikiri, ukasema mafuta yangu ni ishirini na tano. Akapanda yeye. Thelathini na tatu!

Nilicheka mpaka nikashika meza. Jamani, mimi na beseni langu hatuwezi kupita mlangoni pamoja, lazima mmoja atangulie. Sasa mimi ndiye mwembamba?

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anaitazama ile thelathini na tatu kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kuanzia siku hiyo akaanza kujinyima. Kwanza aliacha chakula cha jioni. Halafu akapunguza cha mchana. Asubuhi anapanda mzani, jioni anapanda mzani. Halafu akaacha na maji.

"Maji nayo yamekukosea nini?" nikamuuliza.

"Maji ni uzito. Hata mabondia hawanywi maji kabla ya kupimwa."

"Wewe ni bondia? Unapigana na nani, na mashati?"

Akawa anakunywa vikombe viwili tu kwa siku, naye anasimama mbele ya pasi tangu asubuhi mpaka jioni. Midomo ikamkauka. Akawa anakasirika upesi. Utani ukaisha.

Na cha ajabu ni hiki. Uzito ulishuka kidogo, lakini ile namba ya mafuta ilipanda. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Kadiri alivyojinyima, ndivyo ilivyopanda. Na kadiri ilivyopanda, ndivyo alivyozidi kujinyima.

Siku moja nilimletea uji, akausukuma pembeni. Nikashindwa kuvumilia.

"Unajiua!" nikamwambia.

"Najiokoa," akasema. "Kaka hakujua hali yake. Mimi najua yangu, iko pale, imeandikwa. Unakumbuka watoto wake walivyolia? Unataka wangu walie vile?"

Nilirudi uani, nikafua mashuka huku machozi yananitoka. Nilikuwa namwogopea. Sikuogopa namba. Niliogopa ile sura yake, jinsi macho yalivyozama.

Haikupita wiki. Nilikuwa nakamua mashuka, nikasikia harufu. Harufu ya nguo inayoungua, dobi huijua hata akiwa usingizini. Nikakimbia ndani. Pasi ilikuwa imelala juu ya gauni jeupe la kazi, moshi unatoka. Mume wangu alikuwa chini, ameegemea mguu wa meza, uso umepauka.

Nilimkimbilia yeye kwanza, halafu pasi. Nalisema hili wazi kwa sababu mpaka leo anadai nilianza na pasi.

"Kizunguzungu tu," akanong'ona. "Kitapita."

Wakati huohuo mwenye gauni akaingia. Ni muuguzi wa kliniki ya mtaa wa pili. Sisi tunamwita Sista. Alitazama gauni, akatazama mume wangu, akaweka mkoba chini.

"Mlaze. Inua miguu yake. Leta maji."

Akampima mapigo ya moyo mkononi. Akamnywesha maji kidogo kidogo. Rangi ilipoanza kurudi usoni, akaanza maswali.

"Umeenda haja ndogo lini?"

"Asubuhi."

"Mkojo ulikuwa wa rangi gani?"

Mume wangu akanitazama kwa aibu.

"Sema," akasema Sista. "Usiposema hapa, utasema mbele ya daktari."

"Kama chai ya rangi."

"Nilijua. Mwili wako umekauka. Mtu anayefanya kazi kwenye joto kama hili anakunywa maji kiasi gani?"

Basi mimi nikayamwaga yote. Koti, mzani, uji, mabondia. Mume wangu alitaka kunikatiza, nikamwambia, "Nyamaza, wewe ni mgonjwa."

Sista hakumcheka. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja wasio na haraka.

"Mstari," akasema, "wewe unaweza kuchomeka pasi kwa mkono uliolowa?"

"Hata siku moja! Umeme na maji ni marafiki. Utanirusha."

"Vizuri. Mzani wako unatumia umeme. Ni mdogo sana, huwezi kuusikia. Unatoka mguu mmoja, unapanda, unashukia mguu wa pili. Misuli yako ina maji mengi, kwa hiyo umeme unapita kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, umeme unapita kwa shida. Mzani unapima ile shida. Halafu unachukua umri wako na urefu wako, unapiga hesabu, unakisia."

"Unakisia?" Mume wangu akainua kichwa. "Mbona umeandika namba kamili?"

"Unaandika unachokisia. Mafuta yenyewe hauyaoni. Sasa niambie wewe. Mtu akiacha kunywa maji, umeme utapitaje?"

"Kwa shida."

"Na mzani utadhani shida hiyo imeletwa na nini?"

Niliona jibu linamfikia.

"Na mafuta," akasema polepole. "Mungu wangu. Nilikuwa naipandisha mimi mwenyewe."

"Sehemu kubwa, ndiyo. Mzani haujui kuwa una kiu."

Alipoweza kukaa vizuri, Sista alitaka kuuona huo mzani. Alipoona blanketi akapiga makofi mara moja.

"Na hili ni godoro la nani? Mzani unalazwa?"

"Usikwaruzike," nikasema.

"Mzani unakaa kwenye sakafu ngumu, iliyo sawa. Ukiuweka pa kubonyea hata uzito unakosea."

Akaondoa blanketi. Akaniambia nipande. Kabla sijafika akanisimamisha.

"Miguu gani hiyo? Kaikaushe. Maji kwenye nyayo yanaupa umeme njia rahisi, na mzani unakusifia bure. Mumeo naye ana sugu za kusimama miaka yote hii. Ngozi ngumu na kavu inauzuia umeme. Umri uliouweka ni wa kweli?"

Nikaangalia dirishani.

"Dada?"

"Ongeza miaka kumi," nikasema.

Mume wangu akacheka. Alicheka kwa sauti, amekaa palepale sakafuni na kikombe chake. Sikujali. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho siku nyingi, angeweza kunicheka mpaka kesho.

Nikapanda tena, miguu mikavu, umri wa kweli. Mzani ukasema thelathini na saba! Nikashuka upesi kama nimekanyaga kaa la moto.

"Usiogope," akasema Sista. "Kwanza, mwanamke kwa kawaida ana mafuta mengi kuliko mwanamume. Ndivyo tulivyoumbwa, wala hamkupaswa kushindana. Pili, hata hiyo si namba ya kuapia. Mimi nina mzani wangu nyumbani, tunao mwingine kazini. Kila mmoja unanipa namba yake, na mtu ni mimi yuleyule. Mizani ya nyumbani inaweza kukosea kwa mafungu kadhaa, juu au chini."

"Basi niutupe?" akauliza mume wangu.

"Usiutupe. Uzito unaupima vizuri tu. Na ile namba ya mafuta, ukitaka kuifuata, ifuate kwa adabu. Pima siku moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka msalani na kabla hujala. Miguu iwe safi na mikavu. Jana yake uwe umekunywa maji kama kawaida. Halafu usiitazame namba ya leo peke yake. Tazama inaelekea wapi kwa miezi. Ikiruka siku moja, iache iruke. Na mwenye mimba, au mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kusaidia moyo, asiutumie kabisa mpaka aulize daktari."

Mume wangu akainamisha kichwa. Najua alichokuwa anakitafuta. Akakiuliza.

"Kwa hiyo Sista, mimi si mnene? Sitakufa kama kaka?"

Sista alisimama, akaenda uani, akarudi na kipande cha kamba ya kuanikia.

"Simama, kama unaweza. Dada, shika kamba hapa utosini, ishushe mpaka kisigino. Kata hapo. Kamba hii sasa ni urefu wako. Dada, ikunje katikati."

Nikaikunja.

"Nusu ya urefu wako inatakiwa ikuzunguke kiunoni. Tunaipitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Siyo chini ya kitambi, pale wanaume wanapofungia mkanda wakasema hawajanenepa. Toa pumzi. Mstari, acha kuvuta tumbo ndani! Unamdanganya nani?"

Akaachia tumbo. Nikaizungusha kamba. Ncha hazikukutana. Katikati palibaki nafasi ya kiganja kizima.

Mume wangu aliitazama nafasi ile.

"Hofu yako si ya bure," akasema Sista taratibu. "Nisingependa kukudanganya. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayousumbua moyo, na wewe unayo ya kupunguza. Koti la kaka yako lilikwambia kweli. Lakini kamba haitoi hukumu, inakwambia tu uende ukapimwe. Njoo kliniki kesho. Tutapima shinikizo la damu, tutapima sukari. Hayo mzani wako hauyajui kabisa."

"Na gauni lako?" nikakumbuka.

"Gauni litashonwa jingine. Yeye je?"

Kesho yake tulifunga duka asubuhi, tukaenda wote wawili. Sukari yake ilikuwa sawa. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda, si sana, lakini limepanda. Daktari alisema tumewahi. Alimwambia apunguze chumvi na sukari, ale mboga zaidi, asiruke milo, atembee kila siku, anywe maji, na arudi kupimwa kila mwezi. Na mimi nilipimwa. Yangu siyasemi hapa, lakini tangu siku hiyo tunatembea wote.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Tuliweka jagi la maji kwenye meza ya pasi. Likiisha, sharti alijaze kabla hajanyoosha shati jingine. Chakula cha jioni kilirudi, kimepunguzwa ukubwa lakini kipo. Nguo za wateja wa karibu, ambazo zamani tuliwangoja wazifuate, akawa anazipeleka mwenyewe kwa miguu. Wateja walifurahi sana. Walidhani ni huduma mpya.

Kamba tuliitundika kwenye msumari karibu na mlango wa uani. Mara moja kwa mwezi tunaizungusha. Mzani nao upo. Siku za kazi unapima mafurushi ya nguo chafu, na kazi hiyo unaiweza. Jumapili asubuhi tunaupanda sisi.

Jumapili moja ile namba ilipanda tena. Nilimwona mume wangu anakaza uso.

"Jana ulikunywa maji?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Jana kulikuwa na mapazia mengi. Jagi sikuligusa."

"Basi unamlaumu nani?"

Akashuka, akaenda kwenye msumari, akachukua kamba. Nafasi ya kiganja ilikuwa imebaki vidole viwili. Akairudisha mahali pake, akajaza jagi, akaendelea na kazi. Siku hiyo nililala bila wasiwasi.

Ikafika siku kliniki wakasema shinikizo limeshuka, limekaa vizuri. Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye ndoano ya mwisho. Akalishusha koti la kijivu, akalinyoosha upya. Polepole, kola, mikono, mifuko. Halafu akalivaa.

"Nampelekea shemeji," akasema. "Limekaa kwetu mno."

"Unampelekea ukiwa umelivaa?"

"Nje kuna baridi." Hakukuwa na baridi yoyote. Nikavaa viatu, nikamfuata.

Mjane wa kaka alikuwa anafagia ngazi za nyumba yake. Aliinua macho, akatuona tukija. Ufagio ukamtoka mkononi. Nikajilaumu. Nikasema moyoni, tumekosea, tungelibeba kwenye mfuko.

Mume wangu naye akaliona hilo. Akaanza kulivua. "Nisamehe, shemeji. Nimelileta. Ni lako."

Yeye akamsogelea, akamshika mkono asilivue. Akazishika pande mbili za koti pale kwenye kitambi, akazivuta. Kitambaa kikaja mbele, kikabaki kwenye vidole vyake.

"Nilidhani ni yeye," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anatabasamu. "Nilipoliona lile koti kwa mbali, nilidhani ni yeye. Halafu nikaona linakupwaya. Nikasema, Mungu ashukuriwe, huyu wamemwahi."

"Lichukue, shemeji."

"Silitaki. Livae. Lakini siku nikiliona limekubana, nitakuvua kwa mikono yangu mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Akafuta macho kwa upande wa kanga yake, akaingia ndani, akatuletea maji. Mume wangu alikunywa glasi nzima, akaomba nyingine.